Kituo, Kambi na Hoteli: Malazi ya Wasafiri Kando ya Mto Ruvu

Wachunguzi wa historia ya safari katika Afrika ya Mashariki wamezoea kuuliza mambo matatu: msafiri alitoka wapi, alikwenda wapi, na alichukua nini. Swali la nne, yaani alilala wapi na kwa nini alipachagua mahali pale akaacha pengine, huulizwa mara chache. Huonekana kuwa ni jambo dogo la tumbo na usingizi, lisilostahili kuwekwa katika mizani moja na habari za pembe na nguo za biashara. Walakini lugha ya Kiswahili yenyewe haikulidharau. Imelihifadhi katika maneno mengi: kituo, kambi, dago, banda, boma, bweni, malazi, na hatimaye hoteli. Maneno haya yakipangwa kwa taratibu ya nyakati zake, huonyesha mabadiliko ambayo hayakuandikwa katika daftari za serikali wala za wafanya biashara.

Nchi inayofaa kwa uchunguzi huu ni ile iliyo nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ambayo siku hizi imo katika wilaya za Kibaha na Kisarawe. Ni nchi ya Wazaramo na majirani zao Wakwere, na katikati yake hupita Mto Ruvu. Mto huu huanza katika milima ya Uluguru, hupokea maji ya Mgeta na ya Ngerengere, kisha huteremka polepole katika bonde pana mpaka kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Jina la Ruvu, au Luvu, katika lugha kadhaa za nchi ya nyuma ya pwani maana yake ni mto tu. Ndiyo sababu sehemu ya juu ya Mto Pangani nayo huitwa Ruvu. Wasafiri wa karne ya 19 waliokuja kutoka pwani waliuita mto huu Kingani, na jina hilo ndilo lililojaa katika ramani zao.

Richard Burton na John Speke walipita nchi hii mwaka 1857. Walitoka Kaole, wakashika njia ya upande wa kuume wa mto wakipita Uzaramo, wakafika Zungomero mwishoni mwa Julai. Speke alirudi pamoja na James Grant mwaka 1860, akatoka Bagamoyo na kufuata bonde lile lile. Majina ya vituo vyao yamo katika vitabu vyao: Nzasa, Kiranga-Ranga, Muhonyera, Sagesera, Dege la Mhora. Mengi ya majina hayo hayakuwa majina ya miji. Yalikuwa majina ya mahali pa kutua, na hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote.

Kituo ni neno litokanalo na kitenzi kutua. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi, na mpagazi hutua mzigo wake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida kiasi cha frasila mbili, yaani ratili sabini hivi, na mtu aliyeuchukua begani tangu alfajiri hakuhitaji kuelezwa maana ya neno hili. Kituo kilikuwa mahali ambapo mzigo ulishuka chini. Hakikuhitaji nyumba, wala ukuta, wala mwenye duka. Kwa maana hiyo hiyo washairi walilitumia kwa mshororo wa mwisho wa ubeti, pale ambapo pumzi na fikira hushushwa pamoja. Leo neno lile lile hutumika kwa mabasi, kwa polisi, kwa afya na kwa utafiti, na ni wachache wanaokumbuka kuwa ndani yake pana bega lililochoka.

Urefu wa safari ya siku moja haukupimwa kwa maili; ulipimwa kwa maji. Ikiwa maji yalikuwa karibu, msafara ulitua kabla ya jua kuwa kali, watu wakapata muda wa kukata miti na kupika. Ikiwa maji yalikuwa mbali, ililazimu kupika mapema na kuondoka tena baada ya adhuhuri, kulala mahali pakavu, na kufika kwenye maji siku ya pili. Safari ya namna hii iliitwa terekeza, neno lenye uhusiano na kuteleka chungu juu ya jiko. Burton aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwa tahajia yake mwenyewe, kama alivyoandika maneno mengine mengi ya wapagazi. Hapa chungu ndicho kilichokuwa saa ya msafara, na njaa ndiyo iliyokuwa ramani yake.

Katika bonde la Ruvu maji hayakuwa shida. Shida ilikuwa kinyume chake. Mto uliwapa watu maji, samaki na kivuli, lakini pia ulikuwa na mamba na viboko, na wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, uliweza kupanda na kufunika mbuga pande zote mbili. Kwa hiyo aliyechagua mahali pa kulala alipima mambo mawili yanayopingana. Akilala karibu mno na maji, aliogopa mafuriko, mbu, na kiboko atokaye usiku kula majani. Akilala mbali mno, watekaji maji walilazimika kwenda mwendo mrefu magharibi, wakati ambao mamba hawaonekani vizuri. Mahali pema palikuwa pale ambapo ardhi imeinuka kidogo, udongo wake si mfinyanzi unaoshika maji, miti ya kuni ipo, na njia ya kuteremkia mtoni ni wazi.

Mahali pa namna hiyo palipozungushiwa miiba na kujengwa vibanda vya majani paliitwa kambi. Burton aliliandika neno hili pia, akaeleza jinsi kambi zilivyojengwa na kuachwa, zikatumiwa tena na msafara mwingine uliokuja nyuma. Miiba ya kuzunguka ilikuwa boma. Wavuvi waliokwenda kukaa mtoni au pwani kwa muda walikuwa na neno lao, dago, nao husemwa kuwa wamepiga dago. Tofauti ya maneno haya si ndogo. Kituo ni tendo la kushusha. Dago ni makao ya kazi kwa majira. Kambi ni mji wa usiku mmoja, wenye mpaka wake, moto wake na amri yake.

Swali la kuwa nani alichagua kambi lilileta ugomvi mara nyingi. Wageni waliolipia safari walidhani kuwa neno lao ni la mwisho, kwa kuwa fedha ilikuwa yao. Lakini kiongozi wa njia, aliyetangulia na bendera, ndiye aliyejua kisima kilichokauka, kijiji kilichohama, na mzee aliyekuwa na kinyongo. Wapagazi nao walikuwa na kura yao, ingawa hawakuipiga kwa mdomo: walipoona mahali panafaa walitua mizigo, na mzigo ukishatuliwa si rahisi kuuinua tena. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya jambo hili, vikaliita uvivu. Msomaji akitazama kwa makini ataona kuwa mara nyingi lilikuwa elimu. Watu waliokuwa wamepita bonde lile miaka mingi walijua kambi gani ina maji mabaya, na hawakuwa na lugha ya kumweleza bwana wao ila miguu yao.

Jambo la papasi laonyesha hayo vizuri. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, akaaye katika vumbi la sakafu ya vibanda vya zamani, akatoka usiku kuuma walalao. Wasafiri walimwogopa tangu kale, wakajua kuwa homa hufuata baada ya kuumwa naye. Ilikuwa mwaka 1905 ndipo wataalamu walipothibitisha kwa njia ya sayansi kuwa papasi ndiye aletaye homa ya vipindi: Dutton na Todd katika Kongo, na Robert Koch katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, ambako alichunguza njia za misafara. Basi mpagazi aliyekataa kulala katika kibanda kilichokwisha jengwa, akapendelea kukata majani mapya na kujenga chake chini ya mti, hakuwa mkaidi. Alikuwa akitenda, kabla ya darubini, yale ambayo darubini ilikuja kuyasadiki baadaye. Na kuhusu homa ya mbu ni vivyo hivyo: Ronald Ross alionyesha njia yake India mwaka 1897, lakini desturi ya kulala juu ya kilima na kuacha bonde ilikuwako kabla yake.

Hata hivyo, kipimo kikubwa kupita vyote hakikuwa maji, wala wadudu, wala kuni. Kilikuwa mwenyeji. Neno hili maana yake ya asili ni mwenye mji, na kwa Kiswahili hakuna mgeni asiye na mwenyeji. Mmoja humfanya mwingine awe. Katika Uzaramo wakuu wa nchi waliitwa mapazi, na msafara ulipotua katika nchi ya pazi ulipaswa kumpelekea hongo. Neno hongo siku hizi limeshuka heshima likawa na maana ya rushwa, lakini zamani lilikuwa ada ya kupita na kulala, iliyotolewa mchana mbele ya watu. Aliyeitoa alipata maji, soko la chakula, na ahadi ya kuwa mifugo yake haitaibiwa usiku. Wageni wa Ulaya waliiona kama unyang'anyi. Kwa macho ya wenyeji ilikuwa bei ya mahali, na mahali palikuwa na mwenyewe.

Mkataba huu ulipovunjika, matokeo yake yalikuwa makubwa. Maizan, afisa kijana wa jeshi la maji la Ufaransa, aliuawa Dege la Mhora mwaka 1845, mahali alipopokelewa na mkuu wa Kizaramo aitwaye Mazungera. Burton alipopita hapo miaka kumi na miwili baadaye, habari ile ilikuwa ingali katika vinywa vya watu, nayo ilitia hofu misafara yote. Hofu hiyo yaeleza kwa nini wasafiri wa baadaye walipendelea kupiga kambi nje ya vijiji. Kwa upande mwingine, mauaji ya mgeni yalikuwa aibu inayokumbukwa kwa sababu yalikuwa kinyume cha kawaida. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, haikutungwa na watu wachoyo wa malazi. Na ile isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yaonyesha kuwa ukarimu wenyewe ulikuwa na sheria na kipimo.

Waswahili wenyewe nao waliandika habari za njia. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili, ndani yake mna habari zilizotungwa na Selemani bin Mwenye Chande, Abdallah bin Rashid, Salim bin Abakari, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, ambaye alieleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Mtafiti wa lugha akivilinganisha vitabu vya namna mbili, vya wageni na vya wenyeji, ataona tofauti moja. Katika vitabu vya wageni kambi hutajwa kwa hewa yake na mandhari yake. Katika maandishi ya Waswahili inayotazamwa zaidi ni habari ya watu: nani aliwapokea, walipewa nini, walidaiwa nini.

Utawala wa Wadachi ulibadili mambo haya kwa upesi. Vita vya mwaka 1888 na 1889 viligusa nchi hii. Misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa Pugu ilishambuliwa Januari 1889. Katika miaka ya 1890 Walutheri walijenga Kisarawe na Maneromango, na nyumba zao juu ya vilima zikawa mahali pa kulala pa wageni weupe. Uchaguzi wa vilima hivyo ulifuata kanuni ile ile ya wapagazi, yaani kukimbia bonde, ila sasa nyumba ilikuwa ya mawe na mwenyeji hakuwa pazi. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikikatiza Ruvu kwa daraja. Mwendo ambao Burton aliutumia majuma kadhaa ukawa mwendo wa siku moja. Vituo vya misafara vilikufa, na neno kituo likahamia kwenye jengo la reli. Msafiri hakuchagua tena mahali pa kutua, ratiba ilimchagulia.

Wakati wa utawala wa Waingereza maofisa wa serikali waliendelea kutembea wilayani na mahema yao, au kulala katika nyumba ndogo zilizojengwa kwa ajili yao kando ya barabara. Wenyeji walitakiwa kuleta kuni, maji na mayai. Desturi ya hongo ilikwisha geuzwa juu chini: mgeni hakumpa mwenyeji kitu ila kwa hiari yake, na mwenyeji ndiye aliyetoa. Baada ya uhuru neno kambi lilipata maana mpya yenye fahari. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na kambi yake ya Ruvu ikajulikana nchi nzima. Mwaka huo huo kazi ya nchi za Skandinavia na Finland ilianza Kibaha, ikazaa shule, hospitali na chuo, vikakabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Bweni, ambalo katika vijiji vya zamani lilikuwa nyumba ya kulala vijana wasiooa, likawa jengo la wanafunzi.

Neno hoteli lina historia ya pekee. Katika miji ya Afrika ya Mashariki halikuanza kwa maana ya kitanda. Lilianza kwa maana ya chai na chakula. Mtu aliyesema anakwenda hotelini alikusudia kula maandazi au wali, na aliyetaka kulala alitafuta nyumba ya wageni, ambayo baadaye iliitwa gesti. Mkahawa, ambao kwa asili yake ni mahali pa kahawa, ulishindana na hoteli kwa maana hiyo ya kwanza. Maana ya malazi ilikuja na watalii. Huko Kenya, hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932, ikateketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau na kujengwa tena mwaka 1957, ilieneza duniani wazo la kuwa mtu aweza kulipa fedha nyingi ili alale mwituni. Wapagazi wa Ruvu wangelistaajabia wazo hilo, kwa kuwa wao walilala mwituni kwa kukosa pengine.

Kusini ya Kisarawe, kwenye Mto Rufiji, wazo hilo lilipata nchi yake. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann alitoa amri ya kutenga nchi ya wanyama huko. Mwaka 1922 pori lilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 1982 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake ya kaskazini, kiasi cha kilometa za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, hupita Mzenga katika Kisarawe na kuendelea hata Kisaki, kandokando ya nchi hiyo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limebadili mwenendo wa Rufiji, na wenye kambi za watalii wanajifunza upya tabia ya mto waliodhani wanaujua.

Msafiri wa leo atakaye kupumzika kando ya mto, awe anatazama Ruvu au Rufiji, huchagua kwa kutazama picha, bei, na umbali kutoka Dar es Salaam. Lakini vipimo vya zamani havikufa. Kambi nyingi za Rufiji hufungwa Aprili na Mei kwa ajili ya masika. Mahema hujengwa juu ya majukwaa ya mbao, mbali kidogo na ukingo, kwa kuwa mto hula kingo zake. Mgeni huonywa asitembee usiku bila askari kwa ajili ya viboko. Chandarua kimechukua mahali pa kilima. Hata katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, karibu na Kisarawe, ambako watu wa mjini hupanda kutafuta ubaridi, sababu ya kupanda ni ile ile iliyowapandisha wamisheni.

Kipimo kimoja tu ndicho kilichofifia, nacho ndicho kilichokuwa kikubwa. Ni mwenyeji. Msafiri wa mwaka 1857 hakuweza kulala Kiranga-Ranga bila kujua nchi ni ya nani. Msafiri wa sasa aweza kulala siku saba kando ya mto asijue jina la kijiji kilicho karibu, na fedha anayolipa yaweza kupita juu ya kijiji hicho bila kutua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu vijiji kuunda jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ni juhudi za kumrudisha mwenyeji mahali pake, ili kijiji kipate haki ya kusema ndiyo au la, na kupokea sehemu yake mchana mbele ya watu. Si vigumu kuona katika juhudi hizo umbo la ada ya zamani, iliyooshwa jina lake baya.

Kwa wanaotunga kamusi, habari hii ina kazi ndani yake. Maneno kama terekeza, dago na hongo kwa maana yake ya kwanza yangali yakikumbukwa na wazee wachache, lakini kamusi ikiyaandika kwa maana ya leo tu, au ikiyaacha kabisa, itapoteza pamoja nayo maarifa ya kuchagua mahali: ardhi iliyoinuka, kibanda kipya, njia ya maji iliyo wazi, na mji wenye mwenyewe. Kazi ya kuyakusanya katika vijiji vya Ruvu, Mlandizi, Mzenga na Maneromango haihitaji gharama kubwa. Yahitaji kufanywa kabla wazee hao hawajatua mizigo yao.